Moyo Uliokohoa

Mgeni akiingia uani pale Shangani anavua viatu, anatupa mkono mmoja mmoja sisi tuliokaa mkekani, anasema poleni na msiba, tunasema tumeshapoa, halafu anakaa, anavuta ushungi, anasubiri kidogo kwa adabu, kisha anauliza lile ambalo wote wanauliza: "Kwani marehemu alikuwa anasumbuliwa na nini?" Na Sharifa, binti wa marehemu, ndugu yangu wa kukua pamoja, anajibu bila kuinua macho kwenye mchele anaouchambua: "Moyo." Mgeni anatikisa kichwa. Moyo! Ugonjwa mbaya huo jamani, haukupi hata nafasi ya kuaga. Anayefuata anauliza, anajibiwa vilevile. Wa tatu, vilevile. Mimi nimekaa ubavuni kwa Sharifa na sinia langu la mchele mapajani, sinia la bati lenye maua ya buluu ambayo nusu yake yameshababuka, na kila neno hilo likimtoka narudia kuchambua punje nilizokwisha kuzichambua. Mwanamke mzima mimi, nina wajukuu wanaoniita bibi, nimezika watu na kuosha maiti, naogopa neno dogo hivyo! Ndiyo, naliogopa. Liliwahi kunifikisha pabaya neno hilo, na aliyenivisha ni huyuhuyu mama mdogo Zainabu tuliyemzika juzi, na alinivisha kwa mapenzi yake yote.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Habari za kwetu, baba nani na mama nani, naziruka, hazitatusaidia hapa. Inatosha kujua kwamba nililetwa mjini kwa mdogo wake mama kwa sababu nilikuwa nakohoa, na hospitali iko mjini. Nilipewa chumba cha uani, chenye dirisha dogo linalotazama ukuta wa jirani, na kitanda cha kamba ambacho hapo kabla nilikilalia na Sharifa kila likizo. Safari hii Sharifa akahamishiwa kwa mama yake. Kikohozi kile kilikuwa kimenila mpaka gauni la shule lilikuwa linanizunguka. Nikatema makohozi kwenye kikopo, yakapimwa, tukaitwa ndani, daktari akasema kwa upole kabisa: kifua kikuu, kinatibika, utameza dawa miezi sita bila kuruka hata siku moja. Akatuambia pia kipimo kile kingine, kile cha virusi ambacho kila mtu alikiogopa, kimetoka salama. Mama mdogo akaandikwa kuwa msimamizi wangu wa kumeza. Alishukuru vizuri, akaagana na wauguzi, lakini tulipofika getini akanishika mkono akasimama.

"Somoe."

"Abee ma'mdogo."

"Neno alilolisema yule daktari, liache hapahapa. Nyumbani kwangu hatuna kifua kikuu. Nyumbani tuna moyo. Umenisikia? Una moyo."

"Moyo?"

"Watu wana moyo, watu wana presha, watu wana sukari, na wanaalikwa harusini. Lakini hilo la daktari ukilitamka tu, watu wanakumalizia sentensi wenyewe. Utamfuata nani barabarani kumwonyesha cheti kwamba lile jingine huna?" Halafu akashusha sauti. "Na mwenzio Sharifa ana watu wa Mikindani wanaulizia."

Nilielewa. Nani asingeelewa, miaka ile? Sharifa alikuwa amependwa na kijana fundi wa majokofu, mpole, wa familia ya watu, na Sharifa naye alikuwa amependa mpaka anaunguza wali. Familia ya mwanaume ikisikia nyumba ile ina mtu wa kifua kikuu, wangeondoka na wasigeuke nyuma. Kwa hiyo nikakubali kuwa na moyo. Na neno lenyewe likaingia ndani ya nyumba likavua viatu likakaa. "Umeshameza moyo?" mama mdogo angeniuliza asubuhi akiwa ameshika kikombe cha maji. "Moyo wako unakaribia kuisha, twende tukachukue mwingine." Sahani yangu ilikuwa ya peke yake, yenye ukingo mwekundu, kikombe changu cha peke yake, na Sharifa akiuliza mbele ya watu kwa nini sili na wenzangu anajibiwa mwenye moyo hatakiwi kubughudhiwa. Tulicheka sana, mimi na Sharifa, yeye nje ya dirisha langu na mimi ndani, maana kunikaribia alikatazwa. "Dada Somoe, moyo wako leo una makohozi?" Tukicheka nakohoa, nikikohoa tunacheka zaidi.

Mama mdogo hakuwa mtu mbaya, na yeyote atakayesoma hapa akamwona mbaya nitagombana naye. Alinipikia uji wa muhogo wenye karanga, alinichemshia ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu, akanimenyea mwenyewe kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vinatetemeka, alinunua chewa wakubwa ambao binti yake wa kumzaa alipewa kichwa na mimi nikapewa mnofu. Aliniogesha. Dawa zile zilinibadilisha mkojo ukawa rangi ya chungwa, muuguzi alishatuambia tusishtuke, na kila asubuhi mama mdogo alikuwa anauliza kwa sauti ya chini, "Limetoka chungwa?" Nikisema limetoka anashusha pumzi. Baada ya wiki chache nikaanza kunenepa. Homa ya jioni ikakata. Kama tungeachwa vile, kisa hiki kisingekuwepo.

Lakini upande wa pili wa ukuta alikaa Mama Neema. Mama Neema alikuwa mwalimu, mwenyeji wa Songea, mumewe anafanya kazi bandarini, mwanamke wa kanisani na wa kusema kweli hata pale ambapo hajaulizwa. Siku moja mchana nimelala, dirisha wazi, nikamsikia anaongea na mwenzake wakianika nguo. "Yule binti wa kwa Mama Sharifa, wanasema ana moyo." Mwenzake akasema masikini. "Masikini, ndiyo. Ila mimi nimefundisha sayansi miaka yote hii, moyo unaokohoa sijawahi kuusikia." Wakacheka, si kwa ubaya, kicheko cha watu wanaokung'uta shuka. Uani kwetu mama mdogo alikuwa anapara samaki. Nilisikia kisu kinapara, kinapara, kikanyamaza. Akaja akasimama mlangoni kwangu na magamba mkononi.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Keshokutwa tunakwenda Msimbati."

Msimbati alikuwapo mganga, Bibi Anjelina. Mjini kote alijulikana kwa jambo moja, moyo. Wapo wa kichocho, wapo wa uzazi, wapo wa mashetani. Bibi Anjelina alikuwa wa moyo tu, akiletewa jingine anakurudisha. Mtu akionekana anatoka Msimbati na furushi la mizizi lililofungwa kwa ukindu kwa namna yake, hakuna haja ya kumhoji: huyo ana moyo. Na hilo ndilo mama mdogo alilolifuata kule. Hakwenda kutafuta dawa, dawa tulikuwa nayo kwenye kabati. Alikwenda kutafuta furushi la kuonekana nalo.

Bibi Anjelina alivuka Ruvuma akiwa msichana, akikimbia vita vya kwao, na Kiswahili chake kilikuwa kimevuka naye, ntu na ntoto na nkono. Alikuwa mrefu, mkavu, ana chale za zamani usoni, na kiwanja chake kilifagiliwa mpaka mchanga unaonyesha mistari ya ufagio. Hakutuuliza majina. Alinikalisha kwenye kigoda akaweka sikio lake mgongoni kwangu, akasikiliza, nikawa nanusa moshi kwenye nywele zake.

"Umeanza lini kukimbia, huu moyo?"

"Tangu mfungo sita, bibi," mama mdogo akajibu kabla sijafungua mdomo.

"Ntoto anakohoa."

"Mafua tu. Upepo wa pale kwetu baharini."

"Anameza nini cha hospitali?"

"Hakuna, bibi. Wenyewe wamesema hawaoni kitu."

Nikamtazama mama mdogo. Alikuwa anatazama kuku. Mimi nililelewa nisimkatize mkubwa, na sikuwahi kumsikia mkubwa wangu akidanganya kavu vile, na pale kigodani moyo wangu, uliokuwa mzima kabisa, ukaanza kunidunda kwa woga mpaka nikausikia masikioni. Bibi Anjelina akalirudisha sikio lake mgongoni. "Eee," akasema, "unakimbia kweli." Basi, uongo ukapata muhuri wake. Akaingia porini mwenyewe, akachimba mzizi upande wa jua linapotoka na upande wa jua linapozama, akatufungia, akatupa masharti. Nisile pweza. Aliyebeba dawa asimsalimie mtu njiani mpaka aifikishe nyumbani. Na la mwisho alilisema akiwa amenishika kidevu: "Dawa yangu haitaki mwenzake tumboni. Zikikutana zitagombana, na wewe ndiye utakayeumia."

Ungemwona mama mdogo siku ile anaingia Shangani! Furushi kichwani, mgongo umenyooka, anapita nyumba kwa nyumba kimyakimya, akisalimiwa anainua kiganja tu na kuonyesha mzigo kwa macho. Yeye, ambaye kwenda dukani kununua kiberiti kulimchukua asubuhi nzima kwa salamu. Kufika jioni mtaa wote ulikuwa unajua Zainabu ametoka Msimbati. Mama Neema mwenyewe akaja na ndizi, akasema pole mwanangu, moyo si mchezo. Mama mdogo akapokea zile ndizi kama amepokea hati ya kiwanja.

Shida ikabaki moja: sharti la tumbo. Angeweza kuitupa ile mizizi, kazi yake ilishaisha. Lakini mama mdogo hakuwa mtu wa kutupa dawa, na dawa ya Bibi Anjelina aliiheshimu kwelikweli, aliiogopa hata. Akafikiri siku mbili. Kisha akaniita jikoni, sufuria iko juu ya mkaa, maji yameshageuka mekundu na harufu ya udongo imejaa nyumba nzima, akanieleza uamuzi wake, na alifurahi nao. "Hazitakutana. Siku moja ya hospitali, siku moja ya mizizi. Zipeane zamu, kama wake wenza, asionewe mtu." Mimi nikasema lakini walisema kila siku. "Na utameza kila siku," akasema. "Nani amesema utakaa siku bila dawa?" Na kweli, tulipokwenda kuchukua vidonge muuguzi akamuuliza, "Anameza kila siku?" mama mdogo akajibu "Kila siku, mwanangu, mimi mwenyewe namsimamia," na kwa akili yake hakuwa amedanganya hata chembe. Vidonge vilivyobaki vikawa vinajaa kwenye mkebe wa maziwa. Asubuhi yangu ikawa ya chungwa leo, kesho ya kawaida, keshokutwa ya chungwa, na nilikuwa naangalia ile rangi inavyokuja na kuondoka, roho haijatulia. Mizizi yenyewe sitaisingizia. Ilikuwa michungu mpaka masikioni, lakini ikishuka inaleta joto fulani na usingizi mzuri, na mpaka leo sijui ilikuwa na nini ndani. Kosa letu halikuwa kwenye sufuria.

Kikohozi kilirudi kwanza, kwa heshima, kidogo asubuhi. Halafu kikaja kitu kingine ambacho sikuwa nacho. Nilikuwa natoka chooni kurudi chumbani, mwendo wa hatua chache tu, nikalazimika kushika kamba ya nguo. Moyo ulikuwa unanienda mbio kama nimekimbizwa, na haukutaka kurudi. Nikilala chali napungukiwa na hewa, kama mtu amenikalia kifuani. Nikiinuka nikaegemea ukuta napata afadhali. Nikaanza kulala nimekaa, mito miwili na furushi la nguo mgongoni. Halafu viatu vikakataa miguu. Nikibonyeza kidole juu ya kifundo, panabaki shimo, na nilikaa nikilitazama lile shimo linavyojaa taratibu, nikibonyeza jingine. Niliogopa. Niliogopa kusinzia, niliogopa kuamka, niliusikiliza moyo wangu mchana kutwa kama mtu anayesikiliza mwizi juu ya bati. Nikamwita mama mdogo.

"Ma'mdogo, moyo."

"Najua mwanangu. Pole."

"Hapana. Moyo. Moyo wenyewe."

"Ndiyo huohuo. Kesho zamu ya mizizi, utatulia."

"Si huo, ma'mdogo, ni huu!" Nikajipiga kifuani. "Huu hapa, unakimbia!"

Akanitazama kwa huruma na kuchanganyikiwa. "Kwani kuna mwingine?"

Sikujua namna ya kumwambia. Neno lilikuwa limeshatumika. Tulikuwa tumelikodisha kwa ugonjwa mwingine miezi mitatu, sasa mwenyewe amerudi na hakuna anayemfungulia. Kila nikisema moyo, nyumba nzima ilisikia kifua, ugonjwa uleule wa siku zote ambao tayari unasimamiwa. Hata Sharifa, nilipomwonyesha miguu dirishani, alisema, "Si ndiyo moyo wenyewe huo, dada?" kisha akashtuka, naye amesikia alichokisema. Na mama mdogo akafanya ambalo mtu yeyote mwenye mapenzi na akili zake angefanya: moyo umezidi, basi dawa ya moyo izidi. Mizizi ikapewa siku mbili mfululizo na hospitali ikapewa moja. Halafu tatu kwa moja. Akatuma mtu Msimbati aletewe mizizi mingine. Rangi ya chungwa nikawa naiona mara chache, na ikija sishangilii tena.

Katikati ya hayo watu wa Mikindani wakapanga siku. Barua ilishakuja na ikajibiwa, sasa wanawake wa upande wa mwanaume walikuwa wanakuja kujuana na wanawake wa upande wetu. Mama mdogo alipaka ukuta chokaa. Alikopa mikeka, alikaanga visheti, alinivalisha mimi kanga mpya ya doti moja na Sharifa, akanikalisha chumbani kwangu nimeegemea mito, akanibusu kwenye paji. "Wakiuliza wewe ni nani, ni mtoto wa dada yangu, ana moyo, amepumzika. Usitoke. Jikaze kwa ajili ya mwenzio." Alasiri wakaingia na vigelegele vyao. Pazia la mlango wangu lilikuwa jepesi. Niliwaona kwa vivuli na kuwasikia vizuri. Aliyewaongoza alikuwa shangazi wa bwana harusi, sauti nene, mcheshi, kaleta sinia la bati lenye maua ya buluu, limejaa halua na kashata, limefunikwa kitambaa cha kufumwa. Sharifa akaletwa, akasifiwa. Wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda, hewa inaingia kidogo na kutoka kidogo, na nilikuwa nakibana kikohozi mpaka machozi yananitoka, nikifikiria jambo moja tu, kwamba nikifa sasa hivi nitamharibia Sharifa siku yake.

Ndipo nikasikia hodi ya uani, na sauti isiyokuwa ya Mikindani. "Mwenye ntoto wa moyo yuko wapi?" Bibi Anjelina. Ameacha Msimbati yake, amekuja mwenyewe na furushi, kwa sababu ametumiwa mtu kuja kuchukua mizizi mapema mno na hilo halikumkalia sawa. Mama mdogo akakimbilia kumpokea kwa furaha ambayo mimi peke yangu niliisikia imepasuka. Karibu bibi, umekuja na baraka, hawa ni wageni wetu, huyu ndiye anayemtibu mwanangu moyo. Wageni wakafurahi, nani hamjui Bibi Anjelina. Shangazi mtu akasema na yeye ana presha, atamwona baadaye. Na Bibi Anjelina hakukaa. Alikuja moja kwa moja, akainua pazia, akachuchumaa, akabonyeza mguu wangu kwa kidole gumba. Akalitazama lile shimo. Pazia likabaki limeinuka juu ya bega lake na nyuma yake naona uso kwa uso mkeka mzima wa wanawake.

"Hii si ile niliyoisikia mgongoni," akasema. "Ntoto, unameza nini kingine?"

"Hamezi kitu, bibi," mama mdogo akasema nyuma yake haraka. "Nilishakwambia."

"Namuuliza mwenyewe."

Nikamtazama mama mdogo. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananiomba, kwa macho, na pembeni yake Sharifa amekaa na hina mikononi hajui aweke wapi mikono. Nilimpenda Sharifa kuliko mtu yeyote duniani. Na nilitaka kuishi. Nilitaka kuishi kwa uroho, nilitaka kuona matokeo yangu, nilitaka kula pweza.

"Nina kifua kikuu," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia. "Nina kifua kikuu. Nina vidonge vya hospitali, vipo kwenye mkebe wa maziwa. Moyo tuliuongopa. Lakini sasa na moyo nao unaumwa, unaumwa kweli, na mimi sijui niuiteje." Halafu kikohozi nilichokibana kikatoka chote.

Kisheti cha mtu kilianguka kwenye sakafu nikakisikia. Bibi Anjelina aliinuka pole pole akamgeukia mama mdogo, na hasira yake ilikuwa ya kimya. "Ulinipa jina la uongo, mama, nami nimechemshia jina. Mwezi na zaidi nachemshia jina." Akafungua furushi lake mwenyewe, akaitupa mizizi kwenye majivu. "Ntoto huyu ana maji ndani. Hiyo si kazi yangu. Aende hospitali sasa hivi, na mseme yote, hata yangu myaseme." Mama mdogo akawa amekaa chini, palepale alipokuwa, kwenye saruji, mikono kichwani. Na aliyesimama, sitasahau, alikuwa yule shangazi wa Mikindani. Alivuta mtandio wake ukafunika pua, ndiyo, alifunika pua, lakini akasema kwa ile sauti yake nene, "Gari letu lipo nje. Mpakieni." Nikapelekwa hospitali kwa gari la posa, lina maua ya plastiki kwenye kioo, na wageni waliobaki wakatafuta namna yao ya kurudi kwao.

Hospitali walikuta maji kwenye mfuko unaozunguka moyo. Ugonjwa ulikuwa umehama kutoka kifuani ukaingia humo, wakati sisi tunaupangia zamu. Waliyatoa kwa sindano ndefu ambayo niliona tu mwanzo wake kwa sababu nilifumba macho, na hewa ikaingia, ewe Mola wangu, hewa ikaingia mpaka chini, nikalia. Mama mdogo aliwaeleza kila kitu, mizizi, zamu, mkebe. Alieleza akiwa ameinamisha kichwa. Hakuna aliyemtukana. Matibabu yakaanza upya, mwanzo kabisa, na alikaa pembeni ya kitanda changu akinikanda miguu, na kila asubuhi akiuliza kwa sauti ya chini limetoka chungwa. Bibi Anjelina alikuja mara moja, akaweka sikio mgongoni, akasema moyo huu sasa ni wa hospitali, ukipona uje Msimbati nikulishe pweza. Nilikwenda, na nilikula mpaka nikaumwa tumbo. Watu wa Mikindani hawakurudi. Hawakutukana, hawakutangaza, hawakurudi tu, hata sinia lao hawakulifuata. Sharifa hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliolewa baadaye na mwanaume mwingine, mzuri tu, na akiwa anaunguza wali ni kwa uzembe.

Sasa nimeshika sinia lile. Nimevumilia wageni wa asubuhi nzima, kisha nikamfuata Sharifa jikoni alipokwenda kuongeza mchele.

"Sharifa. Moyo upi?"

Hakugeuka. "Usinianze, dada Somoe."

"Alikuwa anakohoa?"

"Tangu kabla ya Ramadhani." Akawa anamimina mchele, unamwagika pembeni hauoni. "Alipimwa, akapewa dawa. Alikuwa anameza siku ambazo hakuna wageni. Wakija wageni anazificha, na unajua nyumba hii haikosi wageni. Aliniapisha. Zai ameletewa barua." Zai ni binti yake, mwenye jina la bibi yake, ameshamaliza shule, ana macho yaleyale ya Sharifa wa hina. "Wewe ulilisema lile neno ukapona. Posa iliyokufa ilikuwa yangu, si yako. Hujui ilivyokuwa."

"Sijui," nikasema. Nilimshika mgongoni, akaniachia nimshike. "Zai alikuwa analala wapi?"

"Kwa bibi yake," akasema.

Tukarudi mkekani. Mama Neema alikuwa ameingia, amestaafu siku nyingi, anatembelea fimbo, amekaa kwenye kiti kwa sababu magoti hayamruhusu chini. Alitupa pole. Akasubiri kidogo. Akauliza, kama wengine wote, marehemu alikuwa anasumbuliwa na nini, na Sharifa akafungua mdomo, na Zai aliyekuwa anapita na birika la chai akageuza uso begani akakohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, cha heshima. Mama Neema akamtazama mtoto. Akatutazama sisi. Yeye ambaye hakuwahi kubakisha la kusema, safari hii alishusha macho kwenye fimbo yake, na mimi nilikuwa nalo neno mdomoni, lilishafika kwenye meno, nikaliuma, maana halikuwa langu tena.

"Si moyo, Mama Neema," Sharifa akasema. Alisema kwa sauti ya kuita mtu wa ng'ambo ya barabara, mkeka wote ukainua kichwa. "Mama yangu amekufa kwa kifua kikuu. Zai, weka hilo birika, kavae baibui. Tunakwenda kupima."

"Sasa hivi, mama? Na wageni?"

"Wageni watachambua mchele," Sharifa akasema, akasimama, akaniwekea sinia lake juu ya langu.